Mwalimu wa Jumamosi na Mji wa Lampang

Katika miaka yote niliyomfahamu, Mwalimu hakuwahi kwenda kuliona lile daraja la minara miwili ambalo kila mgeni wa London hulipigia picha. Aliishi Kilburn, London hiyohiyo, zaidi ya nusu ya umri wake. Ukimuuliza sababu, alijibu kwamba lile daraja lina watu wa kutosha wa kulitazama. Yeye alikuwa na vitu vyake. Alijua ukuta mmoja nyuma ya maduka wenye tangazo la sabuni la zamani sana, lililochorwa kwa rangi na kusahauliwa, likabaki herufi nusunusu. Alijua sehemu ya mfereji ambapo ndege mmoja mrefu wa kijivu husimama kila asubuhi akisubiri samaki, na alikwenda kumwangalia mara moja kwa wiki bila kumwambia mtu anakokwenda.

Sote tulimwita Mwalimu, ingawa kwa kazi hakuwa mwalimu. Alifanya kazi stesheni ya treni za chini ya ardhi mpaka akastaafu. Ualimu wake ulikuwa wa Jumamosi tu, saa nne hadi saa sita, kwenye holi ya kukodi nyuma ya kanisa, ambako watoto wetu waliozaliwa hapa walikuja kujifunza Kiswahili kwa shingo upande. Hata wazee waliomzidi umri walimwamkia kwa jina hilo.

Mwanangu Neema nilimpeleka akiwa na miaka saba. Kiswahili alikuwa anakielewa chote. Ukimwambia lete chumvi, analeta chumvi. Lakini ukimuuliza jambo, anakujibu kwa Kiingereza, na nyumbani tulikuwa wawili tu, kwa hiyo mazungumzo yetu yote yalikwenda hivyo, mimi kwa lugha hii na yeye kwa ile. Siku ya kwanza nilimweleza Mwalimu tatizo hilo. Akasema, "Mama Neema, mtoto hajibu kwa sababu anajua wewe utamsahihisha." Niliudhika, kwa kuwa ilikuwa kweli.

Ukutani mwa ile holi alitundika ramani kubwa aliyoichora mwenyewe kwa kalamu za rangi. Wazazi wapya walidhani ni Tanga au Unguja. Ulikuwa mji wa Lampang, kaskazini mwa Thailand, mji mdogo ambao hata Wathai wengi huupita kwenye treni wakielekea kwingine. Watoto wetu walijifunza kushoto na kulia kwa ramani ile. Vuka daraja jeupe. Pita kwenye mnara wa saa. Simama mbele ya kiwanda cha mabakuli, umwambie mwenzako unaona nini. Mtoto aliyezaliwa Kilburn na hajawahi kuiona Dar es Salaam alikuwa anaweza kukueleza kwa Kiswahili namna ya kutoka stesheni ya Lampang mpaka sokoni, na akikosea njia wenzake wanampigia kelele.

Nilimuuliza kwa nini asitumie mji wa kwetu. Akanijibu kwamba ukiwawekea London watakimbilia Kiingereza, na ukiwawekea Tanga, mzazi mmoja atasema barabara hiyo siku hizi haipo, mwingine atasema si kweli, na somo litaishia hapo. Lampang hapakuwa kwao mtu yeyote pale holini. Wote walianza sawa.

Namna alivyoufikia mji huo alinisimulia mara moja tu, tukikunja viti. Wiki chache baada ya kustaafu alifunga safari na wenzake wawili wa kazini kwenda kuyaona mahekalu maarufu ya kaskazini. Ndani ya treni akashikwa na maumivu ya tumbo, akashushwa Lampang kwa machela, akapasuliwa kidole tumbo siku hiyohiyo. Wenzake waliendelea na safari. Daktari alimwambia asipande ndege kwa wiki tatu, na kila siku atembee kidogo, akiongeza hatua. Siku ya kwanza alifika kwenye geti la hospitali. Siku ya pili alifika kwenye kibanda cha kahawa ng'ambo ya barabara. Baada ya wiki alikuwa amefika mtoni. Ramani ile ya ukutani ilikuwa ya mgonjwa anayepona, na ndiyo maana ilikuwa na vitu ambavyo hutaviona kwenye ramani ya watalii: mahali penye benchi la kivuli, duka lenye choo, mbwa mkali.

Choo kilikuwa na nafasi kubwa katika falsafa yake. Alikuwa akisema, "Anayedai mji hauna kitu hajaulizia choo." Maana yake ni kwamba ukiwa na shida utaongea na watu, na ukishaongea na watu mji unafunguka. Watoto walilipenda sana neno hilo, wakawa wanalitumia kwa kila jambo.

Tangu mwaka ule akawa anarudi kila Januari mpaka mwisho wa Februari. Alipanga chumba juu ya duka la mzee mmoja na mkewe waliokuwa wakikaanga mikate myembamba ya mchele na kuimwagia sukari ya mtende. Alikuwa anarudi na mifuko miwili ya mikate hiyo, nusu imevunjika, akawagawia watoto. Yeye mwenyewe hakuila. Sukari mwilini mwake ilikuwa imepanda, na hakuamini katika kuonja.

Wala hakuwa mtu mwepesi. Kiswahili chake kilikuwa cha kunyooka na hakukubali mtoto aseme "nime-miss basi", lakini siku akikasirika yeye, na alikuwa anakasirika kweli, Kiingereza kitupu kilimtoka, tena cha kazini, kile cha kuwaamuru abiria wasogee ndani. Mji wake wa Lampang unasifika kwa magari ya farasi, naye aliwaogopa farasi. Alivuka barabara wakija. Kwa sifa alikuwa bahili. Neema alipoandika insha yake ya kwanza nzima nzima, Mwalimu aliisoma mara mbili, akamrudishia, akasema, "Inaeleweka." Mtoto alilia kwenye basi. Miezi mitatu baadaye ndipo tukagundua kwamba hakuna mwingine aliyewahi kuambiwa hivyo.

Kubwa kuliko yote, mtu huyu aliyewafundisha watoto kuuliza hakuwahi kumwomba mtu kitu kwa ajili yake mwenyewe. Lifti ya jengo lao ilipoharibika alipandisha mizigo yake ghorofa nne na hakumpigia simu mtu. Mke wake alipofariki, sisi tulijua baada ya wiki mbili. Alikuwa amefundisha Jumamosi zote mbili.

Neema alipofika miaka kumi na mmoja akaanza kunisumbua kwamba anataka kuiona Lampang. Nilikuwa nimemaliza mwaka mgumu, nimeachana na baba yake kwa karatasi na mambo yote, na nilikuwa na likizo ya kazini ambayo ingepotea. Basi shule zilipofunga wiki ile ya Februari tukaenda. Nilimpigia Mwalimu simu kumwomba atupokee stesheni. Akacheka. "Niwapokee nini nyie? Neema anajua njia."

Tulishuka kwenye treni saa tatu asubuhi. Stesheni ni ya zamani, ya ghorofa moja, yenye madirisha ya mbao yaliyochongwachongwa, na mbele yake pana magari ya farasi yaliyopambwa maua ya plastiki. Nikatoa simu nitafute njia. Neema akanishika mkono.

"Mama, weka simu," alisema. "Tunanyoosha mpaka mnara wa saa. Halafu tunapinda kushoto, tunaufuata mto, lakini upande wa kivuli. Pale kwenye geti la bluu tunavuka, kuna mbwa."

Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yake kuniambia sentensi nne mfululizo kwa Kiswahili. Niliogopa kwamba nikimsifu atanyamaza, na nikimsahihisha ndiyo kabisa. Nikabeba begi langu, nikamfuata. Njia nzima alikuwa mbele akinielekeza, mimi nyuma nikijibu "sawa" na "haya", na jasho likinitoka na machozi pia. Mbwa alikuwapo. Alikuwa amezeeka, hata kichwa hakuinua.

Tulikaa siku tatu, tumelala katika hoteli ndogo ya mtaa wa pili. Mwalimu alikuja kila asubuhi akiwa na kofia yake ya kitambaa na daftari mfukoni. Siku ya kwanza alitupeleka kwenye karakana ya mabakuli yenye picha ya jogoo. Kina mama sita walikuwa wamekaa kwenye mkeka, kila mmoja na kipande chake cha kazi: huyu anachora mwili, anasukuma bakuli kwa jirani, jirani anaweka mkia mweusi, wa tatu jani la mgomba. Mwalimu alikuwa anawafahamu wote. Alikuwa na maneno ya Kithai kama mia mbili hivi na aliyatamka vibaya sana, wakamcheka, naye akawaacha wacheke. Walimwita "khru". Ndilo neno lao la mwalimu.

Siku ya pili tulikwenda kwenye hekalu kubwa la mbao lililoko nje ya mji. Alipapasa nguzo, akanusa kiganja, akaniambia ni mtiki, mti uleule unaopandwa Muheza. Pembeni pana kijumba chenye giza. Jua likipiga vizuri, mwanga unapenya kwenye ufa mdogo wa mlango na mnara wa dhahabu ulioko nje unaonekana ndani juu ya kitambaa, kichwa chini miguu juu. Ila wanawake hawaruhusiwi kuingia. Neema aliwaka. Nami nilitegemea Mwalimu atasema kwamba basi na yeye haingii.

Aliingia. Alikaa kama dakika tano. Alipotoka nilimwambia sikupenda.

"Nisipoingia mimi, nani atamsimulia?" alisema, akakaa chini kwenye ngazi pamoja na Neema, akamweleza kila kitu polepole, kitambaa kilivyo, rangi zilivyofifia, ndege aliyepita nje akaonekana ndani akiruka kinyumenyume. Neema alichora, akimuuliza maswali kwa Kiswahili. Mpaka leo sijaamua kama alifanya vyema au la.

Jioni ya mwisho tulikula kwa yule mzee wa mikate na mkewe. Walikuwa na miaka zaidi ya sabini. Chumba cha Mwalimu kilikuwa juu ya jiko lao, nilikiona mlango ukiwa wazi: kitanda cha mtu mmoja, feni, msala umekunjwa juu ya kiti. Nayaeleza haya kwa sababu ya yaliyofuata.

Mwaka uliofuata wazazi walimchagua mwenyekiti mpya wa darasa, Mama Joshua, mchapakazi ambaye ndiye aliyetutafutia hadi viti. Sijui maneno yalianzia wapi. Yalikuwa ni maneno yaleyale: mzee hana mke, kila mwaka Thailand, tena peke yake, anafuata nini huko? Kila mtu anajua wazee wa Ulaya wanafuata nini huko. Ikafika mahali mzazi mmoja akamwondoa mtoto wake, kisha wa pili. Mama Joshua akaitisha kikao Jumamosi moja baada ya darasa. Mwalimu aliombwa atupishe.

"Mimi simtuhumu mtu," Mama Joshua alisema. "Nauliza tu kama mzazi. Kuna yeyote hapa anayejua huyu mzee huwa anafanya nini kule?"

Tulikuwa wazazi kumi na wanne. Nilikaa mstari wa pili. Nilijua kila kitu ambacho mtu angeweza kukijua: chumba, kitanda, kina mama wa mabakuli, wale wazee wawili. Safari yetu sikuwa nimemwambia mtu, na Neema nilimwomba asiitaje. Mimi ni mwanamke niliyeachika, nilimfuata mjane Thailand nikakaa siku tatu. Ndivyo ambavyo wangeisikia hata ningeeleza namna gani. Nilizisikia kabisa simu ambazo zingepigwa jioni ile, Kilburn mpaka Morogoro kwa mama yangu. Nikaangalia mikono yangu. Mama Joshua aliuliza tena, kwa upole. Baba mmoja akakohoa. Ikaamuliwa kwamba darasa lipumzishwe kwa muda.

Nilipofika nyumbani Neema alinisubiri mlangoni. Rafiki yake alikuwa ameshamwandikia.

"Kwa nini hukusema, mama?" aliniuliza.

Aliuliza kwa Kiswahili. Nilimjibu kwa Kiingereza kwamba mambo ya watu wazima ni magumu. Akaingia chumbani kwake. Kwa miezi kadhaa baada ya hapo alirudi kunijibu kwa Kiingereza, na safari hii nilijua sababu.

Mwalimu hakupinga wala hakuandika barua. Aliishusha ramani, akarudisha ufunguo wa holi. Nilikutana naye mara moja kwenye foleni ya duka la dawa, akanisalimu vizuri, akamuulizia Neema, akaondoka. Darasa halikufunguliwa tena. Mama Joshua alihamia Thamesmead, kwenye nyumba kubwa zaidi, na mambo yakapoa kama yalivyopoa.

Miaka minne ilipita. Mwezi wa tatu mwaka huu, siku chache kabla ya Ramadhani, nilikuwa Edgware Road kumnunulia rafiki yangu tende za futari. Mbele ya mgahawa mmoja wa Kiarabu nikasikia Kiswahili cha Unguja, cha zamani, kizuri. Wazee watatu wa Kiomani waliokuja kutibiwa walikuwa wamekaa nje na makoti yao mazito, na katikati yao alikuwa Mwalimu. Alikuwa amekonda. Fimbo ilikuwa imeegemezwa mezani. Alikuwa anawaelekeza namna ya kufika bustani moja ndogo wasiyoijua, na mmoja wao alikuwa akiandika.

Aliniona. "Mama Neema! Karibu, karibu." Wale wazee walikuwa wanaondoka, wakaniachia kiti. Tukabaki wawili. Akaniambia magoti yamekataa, mwaka huu hakwenda Lampang na mwakani hatakwenda. Alilitaja hilo kama mtu anayetaja hali ya hewa. Akaniuliza Neema anasoma nini, nikamwambia. Chai ikaja.

Nilijua nisiposema pale sitasema tena.

"Mwalimu, siku ile ya kikao nilinyamaza. Nilikuwa najua, na nilinyamaza."

Alikuwa anakoroga chai isiyo na sukari. Hakuacha.

"Najua," alisema. "Nilikuwa kwenye korido, nyuma ya mlango wa holi. Koti langu lilikuwa ndani, nilirudi kulichukua nikamsikia anauliza. Nikasema, ah, Mama Neema yumo. Nikasimama kukusikia." Akaweka kijiko chini. "Nilisubiri mpaka walipoanza kukunja viti. Kisha nikaenda kupanda basi bila koti."

Sikuweza kumtazama. Nilimwambia niliogopa watakavyonisema.

"Wangekusema, ndiyo. Hilo nililifikiria kwenye basi." Alisogeza kikombe kando. "Lakini niliumia, mama. Sikutegemea kuumia kiasi kile. Wale wengine kumi na watatu sikuwajali."

Gari la wagonjwa lilipita likipiga king'ora, tukangoja lipite. Nilimuuliza nifanye nini sasa, baada ya miaka yote hii. Nilidhani ataniambia yamekwisha, kwa kuwa ndivyo watu wa umri wake wanavyosema.

"Mimi umeshaniambia," alisema. "Lakini mimi nilikuwa najua. Waambie wasiojua."

Nikatoa simu. Namba ya Mama Joshua bado nilikuwa nayo. Mwalimu alipoona jina kwenye kioo akachukua fimbo yake, akainuka kwa taabu, akaenda kusimama mbele ya dirisha la duka la jirani, akinipa mgongo, anaangalia masufuria.

Iliita mara nne. Mama Joshua akapokea kwa furaha, akaniuliza habari za siku nyingi na mtoto hajambo. Nikamwambia hajambo. Kisha nikamwambia mimi na Neema tuliwahi kwenda Lampang, na nikaanza kumweleza tangu siku tuliyoshuka kwenye treni.